Njiani dakika mbili, mlangoni siku nzima

Mama anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Figo zake zilichoka mwaka 2021, na tangu hapo kalenda yangu ina siku za aina mbili tu: siku za mashine na siku za kupumzika. Mimi niko mbali, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mdogo wangu wa kike ndiye anayempeleka Mama, ndiye anayekaa naye zile saa nne, ndiye anayelipa dirishani. Kazi yangu ni pesa. Isipofika, Mama halali kwenye kile kitanda chenye mashine.

Kuna wiki haikufika. Nilituma dola 400 kupitia benki siku ya Alhamisi, nikiwa na uhakika kwamba Jumatatu asubuhi zitakuwa tayari. Zikafika Jumatano, zikiwa 362. Nilipouliza zimekwama wapi, niliambiwa benki yangu haina uhusiano wa moja kwa moja na benki ya mdogo wangu, kwa hiyo pesa imepita kwenye benki ya kati, nayo ilifungwa kwa sikukuu, nayo ina makato yake. Sikujua kama kuna benki ya kati. Mama alikosa awamu moja ya mashine, miguu ikavimba, akawa analala amekaa kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Mdogo wangu hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia tu, "Dada, kesho tutaenda," na mimi nikaingia kazini nikiwa nageuza wagonjwa wa watu wengine kitandani huku wangu akihangaika.

Ndivyo nilivyofika kwenye sarafu thabiti. Mwenzangu wa zamu alikuwa anazitumia tayari, na alinionyesha kwenye simu yake muda wa mapumziko, saa tisa usiku, siku ya Jumapili. Alibonyeza, akasubiri, na kabla chai haijapoa kaka yake alikuwa amejibu kwamba zimeingia. Jumapili, saa tisa usiku. Kwa mtu aliyewahi kumsubirisha mama yake kwa sababu ya sikukuu ya benki asiyoijua, hicho ni kitu kikubwa.

Kwa asiyezifahamu: sarafu thabiti ni sarafu ya kidijitali ambayo mtoaji wake anaahidi kwamba moja itakuwa sawa na dola moja daima, kwa sababu kwa kila sarafu aliyoitoa ameweka akiba, hasa ya dola au hati za mkopo wa muda mfupi za serikali ya Marekani. USDT ya kampuni ya Tether ipo tangu 2014, USDC ya Circle tangu 2018. Haikai benki. Inaandikwa kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na daftari hilo halina wikendi wala saa za kufunga. Wewe unakuwa na pochi kwenye simu, pochi ina anwani, na kutuma ni kuhamisha kutoka anwani moja kwenda nyingine. Basi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaieleza, na ni kweli ni rahisi hivyo.

Ila mdogo wangu halipi dirishani kwa USDT. Kuna mlango wa kuingilia, ambapo mshahara wangu unageuka kuwa sarafu, na mlango wa kutokea, ambapo sarafu inageuka kuwa pesa ambayo hospitali inaipokea. Katikati ni dakika moja au mbili. Gharama zote, hatari zote, na usingizi wote nilioupoteza viko kwenye ile milango miwili. Na mlango ulio mgumu zaidi si wangu. Ni wa mdogo wangu.

Mara ya kwanza nilimtumia dola 10 tu za majaribio, kwa mtandao wa Tron, mmoja wa mitandao yenye daftari la namna hiyo, kwa sababu mwenzangu alitumia huo. Zikafika. Tukashangilia kwenye simu. Nikamwambia nirudishie hizo 10 ili tujue na wewe unaweza kutuma. Hakuweza. "Dada, naziona, zipo, lakini haziondoki." Tulihangaika siku mbili. Kumbe kwenye Tron, ada ya kuhamisha USDT hailipwi kwa USDT. Inalipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe, TRX, na pochi yake haikuwa na TRX hata chembe. Ni kama kuwa na mzigo ndani ya gari lisilo na mafuta. Nilimtumia TRX kidogo, na mpaka leo huwa nahakikisha anazo za akiba. Jambo dogo, lakini fikiria kama tungeligundua asubuhi ya siku ya mashine.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Mdogo wangu alikuwa amefungua akaunti kwenye soko la kubadilishia sarafu ili auzie huko, akanipa anwani yake ya kupokelea. Ilianza na 0x. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba anwani za Tron huanza na herufi T, kwa hiyo nikaona hii ni ya mtandao mwingine, nikachagua mtandao wenye ada ndogo uliokubali anwani ya 0x, nikatuma dola 300. Pochi yangu ikasema zimefika. Akaunti yake ikawa tupu.

Niliyokuwa siyajui ni haya: Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon na mitandao mingine kadhaa hutumia anwani za umbo moja. Anwani ileile, herufi kwa herufi, ipo kwenye mitandao yote hiyo. Soko la mdogo wangu lilikuwa linapokea USDT kwa anwani hiyo kupitia Ethereum pekee, mimi nikatuma kwa mtandao mwingine. Pesa hazikupotea, zilikuwa zimekaa mahali ambapo mfumo wao hautazami. Tuliandika barua pepe, tukajibiwa na mashine, tukaandika tena, tukatuma picha za skrini na namba ya muamala. Wiki tano. Mwishowe walizirudisha wakakata ada ya kazi. Siwataji kwa sababu kosa halikuwa lao. Lakini zile wiki tano nilikopa kwa wenzangu watatu ili Mama asikose, na nilijifunza kwamba kwenye benki kuna mtu wa kumgombeza, huku hakuna. Muamala ukishaandikwa haufutiki.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu ambao haujawahi kuvunjwa. Mdogo wangu ananitumia anwani na jina la mtandao kwa maandishi. Kisha ananipigia na kunisomea herufi sita za mwanzo na sita za mwisho kwa sauti yake. Natuma dola 5 kwanza. Akisema zimeingia, ndipo natuma zilizobaki. Ada inalipwa mara mbili, najua, na sijali.

Hizo herufi za sauti zimeshatuokoa mara moja. Kuna matapeli wanaotazama daftari, maana daftari liko wazi kwa kila mtu. Wakiona unatuma mara kwa mara kwa anwani fulani, wanatengeneza anwani yao inayofanana na hiyo mwanzoni na mwishoni, halafu wanakutumia muamala wa senti au wa sifuri ili anwani yao ikae kwenye historia yako. Wanasubiri siku utakayonakili kutoka kwenye historia badala ya kwenye chanzo. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, macho mazito, nikanakili ya juu kabisa. Mdogo wangu akaanza kunisomea, na herufi ya tano kutoka mwisho ikakataa. Wao walifananisha nne, sisi tunasoma sita. Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu nikalia.

Sasa mlango wake. Hapa nataka nieleze polepole, kwa sababu ndipo sisi tunaotuma hatuangalii. Sisi tukishaona neno "imefanikiwa" tunalala.

Ili kugeuza sarafu kuwa pesa, mdogo wangu huuza kwa mtu mwingine ndani ya soko, mtu kwa mtu. Soko linazifungia sarafu zake, mnunuzi anamlipa kwenye akaunti yake ya kawaida, naye akithibitisha amelipwa, soko linaziachia sarafu kwa mnunuzi. Ukisoma hivyo ni safi. Kwa vitendo, kuna binti amekaa kwenye benchi la hospitali, mama yake pembeni, anabishana kwenye simu na mtu asiyemjua anayemwambia "nimeshalipa, achia haraka, hii hapa risiti." Risiti ya uongo inatengenezwa kwa dakika moja. Ujumbe wa uongo unaofanana na wa benki pia. Mdogo wangu alikaribia kuachia siku moja kwa sababu dirisha la malipo lilikuwa linakaribia kufungwa na mtu yule alikuwa anamtukana. Aliniambia baadaye mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikajiuliza: mimi nimeondoa mateso kwangu, au nimeyahamishia kwake?

Na utapeli wa wazi si mbaya kuliko yote. Mbaya zaidi ni kulipwa pesa halisi ambazo ni za wizi. Mnunuzi anakulipa kutoka akaunti ya mtu mwingine, jina halifanani, wewe unaona pesa imeingia unashukuru. Wiki mbili baadaye mwenye akaunti analalamika kaibiwa, na akaunti yako inafungwa wakati wa uchunguzi. Ilimtokea jirani yake wa darasa la jioni, na akaunti ile ndiyo ilikuwa inapokea mshahara wake.

Kwa hiyo masharti ya mdogo wangu sasa ni magumu, na mimi ndiye niliyemwomba ayashike hata kama Mama anasubiri. Hauzi kwa mnunuzi asiye na historia ndefu ya miamala. Jina la anayelipa lazima liwe lilelile lililo kwenye soko, likitofautiana anarudisha pesa na kufuta biashara. Haangalii ujumbe wala picha, anafungua akaunti yake mwenyewe na kuona salio. Hafanyi mazungumzo nje ya soko. Na hauzi siku ya mashine. Hili la mwisho ndilo lililotusaidia kuliko yote: natuma siku tatu kabla, anauza akiwa nyumbani ametulia, siku ya mashine pesa iko tayari. Mtu mwenye haraka ndiye anayeibiwa.

Je, ni rahisi kwa gharama? Nimeandika kila muamala kwenye daftari la karatasi, kwa hiyo naweza kusema kwa upande wangu. Benki ya Dunia hupima gharama za kutuma pesa kwa mfano wa dola 200, na wastani wa dunia umekaa juu ya asilimia 6 kwa miaka mingi, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwenye daftari langu, dola 200 kwa njia hii hupoteza kati ya dola 4 na 7. Ada ya mtandao ndani yake ni kama dola moja au mbili. Nyingine yote ni tofauti ya bei: nanunua juu kidogo ya dola moja, anauza chini kidogo ya bei ya siku. Anayekwambia ni senti tu amehesabu njia akaacha milango. Na mwezi ambao nilinunua kwa kadi badala ya kuhamisha kutoka benki, makato ya kadi peke yake yalimeza faida yote.

Kuna kitu kingine ambacho neno "thabiti" linakificha. Mwenzangu yule aliyenifundisha alikuwa amepoteza akiba yake ya mwaka kwenye TerraUSD, Mei 2022. Nayo iliitwa thabiti. Haikuwa na dola nyuma yake, ilitegemea sarafu dada yake, Luna, na hesabu za kompyuta za kuzibadilisha. Watu walipoanza kukimbia kwa pamoja, zote mbili zilianguka kwa siku chache. Kwa hiyo swali la kwanza kwa sarafu yoyote ni nini kimewekwa akiba na nani amekagua. Hata kubwa kabisa ina madoa: mwaka 2021 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya bidhaa iliitoza Tether faini ya dola milioni 41 kwa kutosema ukweli kuhusu akiba yake.

Mimi nilihamia USDC kwa sababu niliona ni salama zaidi. Kisha ikaja Machi 2023. Ijumaa tarehe 10, Silicon Valley Bank ilifungwa, na usiku ule Circle wakatangaza kwamba dola bilioni 3.3 za akiba yao zilikuwa humo. Mimi nilikuwa nimetuma dola 500 Alhamisi. Jumamosi mdogo wangu akanipigia: "Dada, wananiambia dola yako leo ni senti 90." Ilishuka hata chini ya senti 88. Nilikuwa sijui niseme nini. Tuliuza kiasi cha awamu mbili za mashine kwa bei ile mbaya, nyingine tukaziacha, tukasubiri kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Jumapili serikali ya Marekani ikatangaza kwamba wenye amana kwenye benki ile watalipwa zote, na Jumatatu bei ikarudi karibu na dola moja. Tulipoteza kidogo. Lakini kwa siku mbili nilielewa kwamba pesa ya Mama ilikuwa imekaa kwenye benki ambayo sikuwahi hata kuisikia, na kwamba sarafu hizi zilizokimbia benki zimekaa benki.

Kwa hiyo hatuweki akiba humo. Sarafu inaingia, inauzwa, inakwisha. Haikai zaidi ya siku tatu.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi, maana hazifanani. Kanuni za Umoja wa Ulaya za MiCA kwa sarafu hizi zilianza kutumika Juni 2024, Marekani ikapitisha sheria yake ya GENIUS Julai 2025 inayodai akiba kamili na taarifa za kila mwezi, na ziko nchi ambazo benki haziruhusiwi kuzigusa. Angalia upande wako na upande wa anayepokea, hasa wa anayepokea, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa pesa hii imetoka wapi. Mdogo wangu ana bahasha yenye risiti za hospitali na maelezo ya mshahara wangu. Hajawahi kuulizwa. Bahasha ipo.

Na yale maneno 12 ya siri ambayo pochi hukupa ili uifungue tena ukipoteza simu. Nilimwambia ayaandike, akayapiga picha. Picha ikapanda kwenye hifadhi yake ya mtandaoni pamoja na picha za harusi. Tulifungua pochi mpya siku hiyohiyo tukahamisha kila kitu, kwa sababu anayepata yale maneno ndiye mwenye pesa, na hakuna wa kumlalamikia. Sasa yako kwenye karatasi mbili, nyumba mbili tofauti.

Nimebakiza jambo ambalo sikulitarajia. Mama alikuwa anapokea pesa zangu mwenyewe. Kabla ya sarafu hizi, mbali na zile za benki, nilituma pia kwa jina lake kupitia huduma ya kawaida, alikuwa anavaa vizuri, anakwenda, anaonyesha kitambulisho, anahesabu, ananipigia: "Mwanangu, nimeipata, Mungu akuzidishie." Tulipohama, pesa ikawa inakuja kwenye simu ya mdogo wangu, kwa lugha ambayo Mama haielewi. Akawa anaomba. Alikuwa anamwambia mdogo wangu, "Niombee kwa dada yako pesa ya kitenge." Mdogo wangu aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, na niliona aibu ambayo sijaisahau. Nilikuwa nimepunguza makato nikampunguza na Mama.

Kwa hiyo pesa ya hospitali inapita kwa USDC, siku tatu kabla, kwa masharti yetu yote. Na mwanzo wa kila mwezi natuma dola 50 kwa jina la Mama kamili, kwa njia ya zamani, pamoja na makato yake yote. Mwezi huu zilifika Jumanne. Alinipigia akiwa bado amesimama pale dirishani, nasikia anahesabu noti moja moja, amekosea katikati, ameanza upya.